Mjumbe Hauawi, Ila Anaigwa

Haya ni maongezi niliyotoa mbele ya watu, nimeyaandika karibu vilevile nilivyoyasema, nimetoa tu sehemu nilizokuwa nakohoa na pale maiki ilipozima.

Jamani habari zenu. Kabla hatujaanza kuna mzee amenifuata pale mlangoni, shikamoo tena mzee wangu, akaniuliza swali moja fupi, "Mwanangu, hizo kemikali unazokuja kutuambia, zinaua?" Nikamjibu kwamba nyingi kati yake, kwa kiasi tunachokutana nacho kila siku, haziui. Akacheka, akaniambia "Ah, basi salama," akaenda zake kukaa. Sasa mzee wangu nisamehe, sikutaka kubishana na wewe mlangoni, ila hilo "basi salama" ndilo limenileta hapa. Maana wote tumelelewa hivyo, sumu ni kitu kinachoua, ukinywa unaanguka, usipoanguka basi haikuwa sumu. Kumbe kuna kemikali zinaingia mwilini hazichomi kitu, hazivunji kitu, hakuna hata seli moja inayokufa, na bado madhara yake yanakuja kuonekana miaka 20 mbele. Zinafanyaje? Zinaingilia maongezi.

Na wala sio mzee peke yake, hata wataalamu wamelelewa na swali hilohilo. Mwaka 1927 kilibuniwa kipimo ambacho kimetumika miaka na miaka, unawapa wanyama kemikali unaongeza dozi mpaka nusu yao wafe, halafu hiyo dozi ndiyo unaiandika kwenye kitabu. Ni kipimo kizuri kama unachotaka kujua ni nini kinaua. Ila kama mnyama hakufa, hakuugua, ila mtoto wake ndiye anayezaliwa na kasoro kwenye kizazi, hicho kipimo hakioni kitu, kinakwambia salama, kama mzee wangu hapa.

Hebu tuanze na hayo maongezi yenyewe. Mwili wa mtu mzima una seli kama trilioni 30 hivi, na kila moja ukiichukua peke yake haijui lolote. Seli ya figo haijui kama umekunywa maji au hujanywa. Seli ya moyo haijui kama umeona nyoka. Zinaambiwa. Macho yameona nyoka, ubongo umetuma habari, tezi juu ya figo zimemwaga adrenalini kwenye damu, moyo umeambiwa kimbia, na hayo yote yamepita kabla wewe mwenyewe hujasema "mama yangu!"

Zamani watu wengi walidhani habari ya neva inapita kwa umeme tu, kama waya. Aliyewafumbua macho ni Otto Loewi, mwaka 1921, kule Graz, Austria. Mwenyewe alisimulia kwamba wazo lilimjia ndotoni, akaamka usiku akaliandika kwenye kikaratasi akarudi kulala, asubuhi anaangalia karatasi hawezi kusoma mwandiko wake mwenyewe! Siku nzima anahangaika. Usiku uliofuata ndoto ikarudi, safari hii hakuandika chochote, aliamka saa tisa ya usiku akaenda maabara moja kwa moja. Akachukua mioyo miwili ya chura, bado inadunda kwenye maji ya chumvi, akaushtua mshipa wa neva wa moyo wa kwanza, ukapunguza mwendo. Hapo hakuna jipya. Jipya ni kwamba alichota yale maji yaliyouzunguka moyo wa kwanza akayapeleka kwenye moyo wa pili, ambao hakuugusa kabisa, na wenyewe ukapunguza mwendo. Yaani ujumbe ulikuwa ndani ya maji. Ulikuwa kemikali. Baadaye ikajulikana ni asetilikolini, na Loewi akapewa Nobel mwaka 1936 pamoja na Henry Dale.

Nimeisimulia kirefu kwa sababu kila kitu nitakachosema leo kimejificha hapo. Kama ujumbe ni kemikali, basi kemikali nyingine inaweza kujifanya ujumbe. Waswahili tunasema mjumbe hauawi. Sawa, hauawi, ila anaigwa. Mtu anavaa kanzu yake, anabisha hodi nyumbani kwako anakwambia nimetumwa, na wewe unafungua.

Ujumbe wenyewe una njia zake. Kuna wa neva, unatoka ncha ya neva moja unaruka mwanya mdogo sana unafika ng'ambo. Kuna homoni, zenyewe zinamwagwa kwenye damu zinazunguka mwili mzima, kila seli inapitiwa ila inayosikia ni ile tu yenye kipokezi cha homoni hiyo, kipokezi ni protini iliyokaa inasubiri, ujumbe ukija ukakaa sawasawa juu yake protini inajikunja kidogo na huko ndani ya seli mambo yanaanza. Halafu kuna njia ya tatu ambayo watu hawaijui kabisa, seli mbili zilizopakana zina vitundu vya kupitishiana vitu ukutani, hiyo nitaifikia baadaye maana mimi ndiyo naipenda zaidi.

Jambo la kwanza ambalo watu hawalitegemei, ujumbe ukishafika lazima ufutwe. Usipofutwa ni fujo. Asetilikolini ikishaambia msuli kaza, kuna kimeng'enya pale pale kinaikatakata fasta ili msuli ulegee usubiri amri nyingine. Sasa chukua viuatilifu vya kundi la oganofosfeti, vinakishika hicho kimeng'enya vinakifunga mikono. Ujumbe unaendelea kulia tu, kaza kaza kaza. Mtu anatokwa mate, machozi, jasho, mboni za macho zinasinyaa zinakuwa nukta, misuli inatetemeka halafu inachoka, ya kupumulia nayo inachoka. Mjerumani Gerhard Schrader alikuwa anatafuta dawa ya wadudu mwaka 1936 akaipata tabuni, ikawa gesi ya vita, na ndugu yake sarini ndiyo iliyomwagwa kwenye treni za chini ya ardhi Tokyo tarehe 20 Machi 1995. Mdudu na mtu wanatumia lugha ileile kwenye neva, ndiyo maana dawa ya mmoja ni sumu ya mwingine. Na tiba yake, atropini, haiui sumu, inakwenda kukaa juu ya vipokezi ili zile kelele zisisikike. Fikiria hilo, tiba nayo ni kuingilia maongezi.

Na kipindupindu pia, samahani natoka nje ya mada kidogo ila siwezi kuacha. Bakteria wa kipindupindu hawatafuni utumbo wako. Wanatoa sumu inayoingia kwenye seli za utumbo na kugandisha swichi moja ya ndani kwenye "washa", seli inaamini imeagizwa kumwaga maji, inamwaga, inamwaga, mgonjwa anaweza kupoteza lita nzima kwa saa moja. Utumbo ni mzima kabisa! Umedanganywa tu. Ndiyo maana maji yenye chumvi na sukari kwa vipimo sahihi yanaokoa, kwa sababu mlango unaoingiza chumvi pamoja na sukari ni mlango mwingine, haukuguswa na ile swichi, maji yanaufuata huko.

Haya, hiyo ni mifano ya kelele. Turudi kwa waigizaji, wale wa kimyakimya.

Homoni zinafanya kazi kwa kiasi kidogo mno. Estrojeni, homoni ya kike, kwenye damu inapimwa kwa pikogramu, na pikogramu ni gramu moja uigawe mara trilioni. Pikogramu moja kwenye mililita moja ya maji ni sawa na tone moja kwenye mabwawa 20 ya kuogelea yale ya Olimpiki. Mwanamke ana makumi mpaka mamia ya hizo kwenye kila mililita ya damu kutegemea siku gani ya mzunguko, na kwa hicho kiasi tu utando wa ndani wa mfuko wa uzazi unajengwa na kubomolewa kila mwezi. Kwa hiyo mtu akikwambia "lakini kilichoingia ni kidogo sana", muulize kidogo ukilinganisha na nini? Ukilinganisha na kijiko, ndiyo. Ukilinganisha na sauti ambayo mwili wenyewe unatumia kuongea, huenda ni kelele.

Mwaka 1938 huko Uingereza Edward Dodds na wenzake walitengeneza kemikali inaitwa dayethilistilbestroli, tuiite DES tusije tukauma ulimi. Ukiichora haifanani sana na estrojeni, ila kipokezi cha estrojeni kinaikubali kabisa. Ilikuwa rahisi kutengeneza, unaimeza kama kidonge, kuanzia miaka ya 1940 wakawa wanawapa wajawazito kwa imani kwamba inazuia mimba kutoka. Mwaka 1953 utafiti wa Chicago ukaonyesha wazi haizuii chochote. Unadhani waliacha? Waliendelea kuiandika karibu miaka 20 mingine, hapo mimi huwa nakasirika, samahanini. Marekani peke yake inakadiriwa watu milioni 5 hadi 10, mama na watoto wao, walipitiwa na hiyo dawa.

Mama hawakufa. Watoto walizaliwa, wengi wazima wanapendeza, wakaenda shule. Halafu mwishoni mwa miaka ya 1960 madaktari wa Boston wakaanza kuona saratani ya uke ya aina adimu sana kwa wasichana wadogo, saratani ambayo kwa umri huo ilikuwa karibu haijulikani. Wakahangaika, wameuliza kila kitu, na mama wa mmoja wa wagonjwa ndiye aliyemuuliza daktari, hivi ile dawa niliyokunywa nikiwa na mimba yake inaweza kuhusika? Mama! Sio profesa. Mwaka 1971 Arthur Herbst na wenzake wakachapisha, wagonjwa 8, na mama 7 kati ya hao 8 walitumia DES wakiwa na mimba changa. Mwaka huohuo serikali ya Marekani ikasema wajawazito wasipewe tena.

Hapa niseme vizuri ili nisitie watu hofu, saratani yenyewe iliwapata kama 1 kati ya 1,000 ya hao mabinti. Ila wengine wengi zaidi walipata mfuko wa uzazi wenye umbo baya, mimba kutoka, ugumba. Na hakuna seli iliyouawa pale. Kilichotokea ni kwamba kijusi kilikuwa kinajijenga, na kila seli inasikiliza iambiwe iwe nani, na wakati huo akaja mjumbe feki na amri za uongo. Mama yake alipewa amri zilezile na hazikumfanya kitu kikubwa kwa wakati ule, kwa sababu yeye alishajengwa. Nyumba iliyokwisha ukiivurugia ramani haibomoki, ila fundi akiwa bado anapanga tofali ukampa ramani nyingine ukuta utasimama pasipo pake, na utasimama hapo maisha yote.

Ndiyo maana mimi nikiulizwa kuhusu kemikali siulizi "kiasi gani" peke yake, nauliza "lini". Thalidomaidi, ile dawa ya usingizi na kichefuchefu iliyoanza kuuzwa Ujerumani Magharibi mwaka 1957 ikaondolewa 1961, watoto zaidi ya 10,000 walizaliwa na mikono na miguu isiyokamilika, na siku za hatari zilikuwa kama kati ya siku ya 20 na ya 36 baada ya mimba kutungwa. Wiki mbili na kidogo! Wengine wakati huo hata hawajui kama ni wajawazito. Na mtoto wa kiume naye ana dirisha lake, wataalamu wanaliweka takriban wiki ya 8 hadi ya 14 ya mimba, testosteroni, homoni ya kiume, isiposikika vizuri pale viungo vya kiume havijengeki inavyotakiwa, na baadhi ya fthaleti, zile zinazolainisha plastiki, kwa panya zinafanya hicho hasa, zinapunguza sauti ya testosteroni wakati ule ule inapohitajika.

Sasa stori ninazozipenda. Ni za maabara, maana hawa watu hawakuwa wanatafuta hizo kemikali, kemikali ndizo ziliwafuata.

Ana Soto na Carlos Sonnenschein walikuwa chuo kikuu cha Tufts, Boston, wanakuza seli za saratani ya matiti ambazo huwa haziongezeki bila estrojeni. Miaka kibao wanafanya hivyo. Siku moja seli zikaanza kuongezeka zenyewe, kila mahali, hata zile ambazo hazikupewa estrojeni hata chembe. Wakadhani mtu kachafua. Wakasafisha, wakarudia, bado. Wakabadilisha kimoja kimoja mpaka wakafika kwenye mirija ya plastiki ya kuhifadhia maji ya damu, mtengenezaji alikuwa amebadilisha mchanganyiko wa plastiki yake na hakutaka kusema kaweka nini. Ikabidi watafute wenyewe, wakakuta ni nonilifenoli, inatoka kwenye plastiki inaingia kwenye maji na seli zinaiona kama estrojeni. Walichapisha mwaka 1991.

Halafu Patricia Hunt, Cleveland, mwaka 1998. Yeye anafanya kazi na mayai ya panya, anaangalia kromosomu, nyuzi zinazobeba urithi, zinavyojipanga yai linapokomaa. Kawaida mayai yenye kromosomu zilizokaa hovyo ni 1 au 2 kwa kila 100. Ghafla yakawa 40. Arobaini! Baada ya kuzunguka sana wakagundua kuna mtu aliosha vizimba na chupa za maji za panya kwa sabuni kali isiyo yake, ya sakafu, plastiki ikachubuka ikaanza kuachia bisfenoli A. BPA hiyo mnaisikia. Kemikali iliyotengenezwa mara ya kwanza mwaka 1891, na Dodds, huyohuyo wa DES, aliipima miaka ya 1930 akaona inafanya kazi kama estrojeni, dhaifu ila ni estrojeni. Ikaachwa kama dawa, halafu baadaye ikachukuliwa ikawa plastiki ngumu ya chupa na utandu wa ndani wa makopo ya vyakula, ikaingia na kwenye karatasi za risiti. Yaani ilikuwa inajulikana inaongea lugha ya homoni kabla haijawa chupa!

Na baharini pia. Rangi za kupaka matumbo ya meli ili chaza na magugu yasishike, ziliwekwa kemikali ya bati inaitwa TBT. Ikafanya kazi vizuri mno. Konokono majike wa baharini wakaanza kuota uume, kwenye maji yenye nanogramu chache tu kwa lita, njia ya mayai inazibwa, mayai yanabaki ndani, jike anakufa nayo, na fukwe nyingine konokono hao wakapotea kabisa. Mkataba wa kimataifa wa kuzipiga marufuku ulipitishwa 2001 ukaanza kazi 2008.

Risasi sitaikalia, ile metali, wengi mnaijua. Nawaambia tu inavyodanganya, inajifanya kalsiamu. Kalsiamu sio ya mifupa tu, ndani ya neva kalsiamu ndiyo inayosema "achia ujumbe sasa", kwa hiyo risasi ikiingia kupitia milango ya kalsiamu ubongo wa mtoto unajifunza kwa maneno yaliyovurugika. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Iliwekwa kwenye petroli kuanzia miaka ya 1920 na nchi ya mwisho kuacha kuiuza kwa magari ni Algeria, Julai 2021. Karibu miaka mia. Haya tuendelee.

Nimewaahidi vitundu vya ukutani. Seli zilizopakana zina vifereji vidogo, protini sita upande huu na sita upande wa pili zinakutana katikati zinafanya tundu, vitu vidogo vinapita, vikubwa havipiti. Hakuna homoni, hakuna damu, ni jirani kwa jirani, kama majirani wawili wanaoongea kwa dirishani bila kutoka nje. Moyo unadunda kwa pamoja kwa sababu ya hivyo, umeme unapita seli kwa seli. Na nyie mama zangu mliowahi kujifungua, mfuko wa uzazi kwa miezi yote ile vitundu vyake ni vichache, misuli kila mmoja kivyake, halafu uchungu unapokaribia vinaongezeka kwa wingi na ndipo mfuko mzima unapobana kama kitu kimoja. Ule uchungu mliosikia ni seli zimeanza kusikilizana!

Sasa Werner Loewenstein na mwenzake Kanno mwaka 1966 walipima seli za saratani ya ini ya panya wakakuta hazipitishiani kitu. Zimefunga madirisha. Na inaleta maana ukifikiria, seli ya kawaida inaambiwa na jirani zake "tulia, nafasi imejaa, usigawanyike", iliyofunga dirisha haisikii. Mwaka 1979 James Trosko na wenzake wa Michigan wakaonyesha kwamba kemikali inayotoka kwenye mafuta ya mmea wa krotoni, ambayo ilikuwa inajulikana inakuza saratani kwenye ngozi ya panya lakini haiharibu DNA, inafunga hivyo vitundu. Baadaye DDT, ile dawa ya kuua wadudu, nayo ikaonekana kufanya hivyo kwenye maabara. Hapo kuna watu walipata jibu la fumbo la siku nyingi, inakuwaje kitu kisichogusa DNA kikasaidia saratani? Sisemi saratani yote ni hiyo, hapana, saratani ina mambo mengi, ila seli ambayo tayari ina kasoro kwenye DNA inaweza kukaa kimya miaka kwa sababu majirani wanaizuia, na ukiwafungia majirani madirisha umeipa uhuru.

Naona muda unaniangalia vibaya. Wacha nigusie mabishano, maana mkienda kusoma mtakutana nayo na msije mkasema nimewaficha. Kuhusu BPA wakubwa hawajakubaliana. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya mwaka 2023 ilishusha kiwango cha mtu kuingiza kwa siku kutoka mikrogramu 4 kwa kila kilo ya uzito mpaka nanogramu 0.2, yaani mara 20,000 chini, na mwishoni mwa 2024 Umoja wa Ulaya ukaamua kuiondoa kwenye vifaa vinavyogusa chakula. Wamarekani wao waliitoa kwenye chupa za watoto mwaka 2012, ila kwa vyakula vingine wamekuwa wakisema kwa kiasi kilichopo ni salama. Data ni zilezile kwa sehemu kubwa. Tofauti ni swali, huyu anauliza kimeharibika nini, yule anauliza maongezi yamebadilika wapi na je, hilo tuliite madhara. Mimi nipo upande wa Ulaya, nasema wazi, ila anayepinga sio mjinga.

Na tafadhali msitoke hapa mkakimbilia kununua dawa za kusafisha homoni. Kuna watu wanauza hofu kuliko kemikali zenyewe. BPA ikiingia mwilini ini na figo zinaitoa kwa mkojo, ndani ya siku moja nyingi imeshaondoka, shida yake ni kwamba kesho unaingiza nyingine, kwa hiyo dawa sio kusafisha ni kupunguza kuingiza, na joto ndilo linalofungua plastiki, chakula cha moto kwenye plastiki na kupasha ndani ya plastiki ndiyo pa kuanzia. Zile zinazokaa, kama DDT kwenye mafuta ya mwili na baadhi ya PFAS, kemikali za viwandani zisizooza, kwenye damu, zinakaa miaka, na hakuna kinywaji cha kuzitoa. Huko ni kazi ya sheria na viwanda, sio ya jikoni kwako.

Halafu kuna hili la maandishi "haina BPA", dada mmoja hapa mbele ameninyanyulia chupa yake tangu tuanze, nimekuona dada. Walipoitoa BPA viwanda vingi vikaweka bisfenoli S, au nyingine za ukoo huohuo. Ndugu wa BPA, sura inafanana. Sasa Patricia Hunt yule wa vizimba, miaka 20 baadaye, yupo chuo kingine, ana vizimba vipya vya plastiki nyingine, siku moja wanaangalia mayai ya panya, kromosomu zimekaa hovyo tena. Wakakagua vizimba. Plastiki imechubuka na inaachia bisfenoli S. Walichapisha mwaka 2018. Mwanamke yuleyule, tatizo lilelile, mjumbe feki kabadilisha kanzu.

Dada, hiyo chupa iwekee maji baridi. Haya maswali, tuanze na mzee.